Siri ya wakili na mteja: nani ana ufunguo, na mlango unafunguka kiasi gani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Tanga mjini na wilaya zake, na zote zinazunguka swali moja: kile alichokisema mshtakiwa kwa wakili wake, kinaweza kutoka mbele ya hakimu? Na kikitoka, kinatoka kwa mlango upi?

Sheria tunayoitegemea ni Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, iliyotungwa 1967 kwa Tanzania Bara. Vifungu vyake kuhusu siri ya wakili vimefuata kwa karibu sana vifungu vya 126 hadi 129 vya Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyokuwa ikitumika hapa kabla yake. Ndiyo maana mawakili wetu husoma hukumu za India, Kenya na Uingereza. Hukumu hizo haziifungi mahakama yetu, ila zinaweza kuishawishi. Zanzibar ina sheria yake ya ushahidi, kwa hiyo msomaji mwenye kesi Pemba au Unguja amuulize wakili wa huko.

Neno moja kabla hatujaanza. Kinga, yaani haki ya mazungumzo hayo kutofichuliwa, ni ya mteja. Wakili ni mtunzaji tu. Hawezi kuiachia kwa sababu amechoka, hajalipwa au anaona itasaidia. Sheria inataka idhini ya wazi ya mteja, na wajibu wa kutunza siri unaendelea hata baada ya wakili kuacha kesi.

Mdogo wangu ameshtakiwa kwa kuvunja duka usiku na kuiba. Usiku huo alikuwa Pangani msibani, na alimwambia wakili wake wa kwanza tangu wiki ya kwanza. Wakili yule hakuwasilisha taarifa yoyote. Sasa upande wa Jamhuri (yaani wa mashtaka) unasema hadithi ya Pangani imetungwa juzi. Wakili mpya anasita, hataki mdogo wangu aseme "nilimwambia wakili wangu", eti atafungua siri zote. Ni kweli? (Dada wa mshtakiwa, Mwanzange)

Dada, wakili mpya anasita kwa sababu nzuri, ingawa neno "zote" limezidi kipimo.

Tuanze na taarifa yenyewe, maana ndiyo chanzo cha matatizo. Mshtakiwa anayetaka kujitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio anatakiwa kuipa mahakama na upande wa mashtaka taarifa kabla ya usikilizwaji kuanza. Akichelewa hapo, bado ana nafasi ya kutoa maelezo yake kamili kabla Jamhuri haijafunga ushahidi: alikuwa wapi, na nani, toka saa ngapi mpaka saa ngapi. Akiibua utetezi huo baada ya hapo, mahakama inaweza kukataa kuupa uzito wowote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakili leo hii ni kama Jamhuri imeshafunga ushahidi. Kama bado, peleka taarifa sasa, na nusu ya tatizo la siri linaweza kuisha bila kuigusa siri yenyewe.

Kama wameshafunga, hapo ndipo yanakuja maswali matatu ambayo watu huyachanganya.

Swali la kwanza: mdogo wako akipanda kizimbani kujitetea, je, amemruhusu wakili wa zamani kuitwa aseme waliyozungumza? Hapana. Sheria inasema mtu kutoa ushahidi, kwa hiari yake au vinginevyo, hakuhesabiwi kuwa idhini ya wakili kufungua mdomo.

La pili: je, yeye mwenyewe anaweza kuulizwa? Hapa pana ufa. Hakuna anayeweza kulazimishwa kuieleza mahakama mazungumzo ya siri aliyoyafanya na wakili wake, isipokuwa amejitolea kuwa shahidi. Akishajitolea, anaweza kulazimishwa kueleza yale tu ambayo mahakama inaona ni lazima yajulikane ili kufafanua ushahidi alioutoa. Si zaidi ya hayo.

La tatu: je, wakimwita wakili wa zamani kuwa shahidi wa utetezi? Kumwita peke yake hakumfungui. Anafunguka katika mambo yale tu ambayo upande uliomwita umemuuliza na ambayo, bila swali hilo, asingeruhusiwa kuyataja. Kwa hiyo swali la utetezi lenyewe ndilo linalopima upana wa mlango. Ukiuliza ovyo, umefungua ovyo.

Tuone kizimbani inavyokuwa. Tuseme mdogo wako, akiongozwa na wakili wake, amesema: "Nilimwambia wakili wangu wiki ya kwanza kwamba nililala msibani Pangani." Mwendesha mashtaka anasimama kumdodosa.

"Ulimwambia tarehe ngapi? Ulimtajia nani uliyelala naye msibani?" Atajibu. Maswali hayo yanafafanua alichokisema.

"Kabla ya kumwambia Pangani, hukumwambia kwamba ulikuwa Muheza?" Wakili anaweza kupinga, lakini kwa maoni yetu pingamizi hilo lina nafasi ndogo ya kupita. Mtu akisema "nimesema hivi tangu mwanzo", mahakama ina haki ya kujua huo mwanzo ulikuwaje.

"Na lile panga lililokutwa chumbani, ulimwambia nini wakili wako?" Hapo wakili asimame kabla jibu halijatoka: "Mheshimiwa, napinga. Swali linaomba mazungumzo ya siri kati ya mshtakiwa na wakili. Mteja wangu hajatoa ushahidi wowote kuhusu alichomweleza wakili juu ya panga, na jibu halihitajiki kufafanua alichokisema." Aombe pingamizi na uamuzi viandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Pingamizi lisiloandikwa halitaonekana kwenye rufaa.

Wengi huteleza kwenye kasi. Mteja anajibu upesi kwa hofu au kwa kutaka aonekane mkweli, na jibu likishatoka ni vigumu kulirudisha. Mfundisheni ahesabu pumzi mbili kabla ya kujibu swali lolote lenye neno "wakili".

Kabla hata ya kufika huko, fanyeni haya. Mwandikieni wakili wa zamani barua ya kuomba jalada zima, yakiwemo maandishi yake ya siku ya mahojiano. Msiombe kwa simu. Likishafika, wakili mpya alisome ukurasa kwa ukurasa akitafuta vitu viwili: tarehe ambayo Pangani imetajwa mara ya kwanza, na toleo lolote tofauti la usiku ule. Kama kuna karatasi moja inayosema Muheza, uamuzi umeshabadilika. Huwezi kutoa karatasi ya Jumatano inayokusaidia ukazuia ya Jumatatu inayozungumza jambo lile lile. Mahakama za Uingereza zimelisema hili mara nyingi kwa jina la uadilifu: anayeachia kinga juu ya jambo fulani hawezi kuchagua vipande vitamu akaficha vichungu.

Halafu tafuteni njia isiyopita kwa wakili kabisa. Nani alimwona msibani? Kuna muamala wa pesa kwa simu uliofanyika Pangani usiku ule? Katika maelezo ya onyo aliyoandikwa polisi, alitaja Pangani? Kama alitaja, hiyo ndiyo dawa. Maelezo yale si siri, yana tarehe na saa, na yaliandikwa na upande wa pili wenyewe. Tunasikitika kila tunaposikia siri ya mteja imefunguliwa kuthibitisha jambo ambalo tayari lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya polisi.

Ikiwa baada ya yote hayo hakuna njia nyingine, na jalada ni safi, basi idhini iandikwe, iwe nyembamba, na isainiwe kabla wakili wa zamani hajaitwa. Mfano:

"Mimi, mshtakiwa katika kesi ya jinai namba fulani, nimeelezwa na kuelewa kwamba mazungumzo yangu na wakili wangu wa awali ni siri yangu. Namruhusu aieleze mahakama mambo mawili tu: tarehe niliyomweleza kwamba usiku wa tukio nilikuwa Pangani, na majina ya watu niliomtajia kuwa walikuwa nami. Simruhusu kueleza jambo jingine lolote."

Karatasi hiyo si ukuta wa chuma. Hakimu ndiye atakayeamua kama ufafanuzi zaidi unahitajika. Lakini bila karatasi, mnamwachia mwendesha mashtaka achore mpaka.

Mwanangu yuko nje kwa dhamana. Alimtumia wakili wake sauti ya WhatsApp ya dakika sita akieleza kila kitu. Kwa kuwa nilikuwa namlilia anieleze, akanitumia na mimi. Mimi nikaipeleka kwenye kundi la ukoo ili wajomba wajue pa kuchangia. Sasa naambiwa nimemponza. (Mama, Makorora)

Mama, shikamoo. Ulitaka ukoo usaidie, na hakuna wa kukulaumu kwa hilo. Ila sauti ile imetoka mahali pa siri, na kuna mambo ya kufanya leo, siyo kesho.

Tofautisha vitu viwili. Idhini ya kumruhusu wakili aseme haijatolewa. Wewe huwezi kuitoa kwa niaba ya mwanao, na kuituma sauti kwenye kundi hakumfungui wakili mdomo. Lakini sheria inamfunga wakili na watu wake. Haimfungi mjomba. Aliyeisikia sauti anaweza kuitwa shahidi, na simu ikichukuliwa kwa upelelezi, sauti inaweza kuletwa kama ushahidi wa kielektroniki. Mlango wa mbele umefungwa, dirisha liko wazi.

Mahakama zinazofuata desturi ya Kiingereza zimekuwa kali kuhusu madirisha. Mwaka 1977 kulikuwa na shauri la Tompkins huko Uingereza. Mtu alishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, na mwenye mali aliitambua kwa kitufe kilichokuwa kimelegea. Mahakamani kitufe kikaonekana kimekaza, na mshtakiwa akakana kwamba kiliwahi kulegea. Kikaratasi alichomwandikia wakili wake, kikieleza kwamba alikigandisha kwa gundi, kikaokotwa sakafuni mwa chumba cha mahakama. Mwendesha mashtaka akamwonyesha kile kikaratasi, mshtakiwa akageuza jibu, na Mahakama ya Rufani ikaona hapakuwa na kosa kukitumia. Kikaratasi kiliandikwa kwa wakili, kilikuwa siri kamili, lakini kilikuwa kimeshafika mkononi mwa upande wa pili.

Kwa hiyo, mama: mpigie wakili leo umweleze ukweli wote. Andika majina ya waliomo kwenye kundi na siku uliyoituma. Waombe wasiipeleke mbele zaidi. Usifute wala usiwaamrishe wengine wafute kabla wakili hajashauri, maana kufuta kwa nia ya kuharibu ushahidi ni kosa jingine, na safari hii litakuwa lako. Wakili ataamua kama aiombe mahakama iikatae sauti kwa kuwa asili yake ni mawasiliano na wakili. Kuanzia sasa mwanao asitume maelezo ya tukio kwa sauti. Aende ofisini, aseme kwa mdomo, na wakili aandike. Kwa wajomba inatosha kusema: "Kesi itatajwa tarehe kadhaa, tunahitaji kiasi kadhaa."

Mzee wangu hazungumzi Kiswahili vizuri, ni Msambaa wa milimani Lushoto. Kwa wakili kulikuwa na karani na kijana wa kutafsiri. Je, hao wawili si mashahidi tayari? (Msomaji, Chumbageni)

Hapana. Kinga inawafunika wakalimani, makarani na watumishi wa wakili kama inavyomfunika wakili mwenyewe. Sharti ni kwamba mkalimani awe pale kwa kazi hiyo, siyo jirani aliyekuja kusikiliza. Ni bora mkalimani atafutwe na ofisi ya wakili, jina lake liandikwe kwenye jalada pamoja na tarehe, na ndugu wengine wasubiri nje. Mkalimani wa mahakama aliyeapishwa kutafsiri kesi ni mtu mwingine kabisa. Msimtumie kwenye mazungumzo ya pembeni na wakili.

Hayo hayo yanahusu mazungumzo mahabusu na gerezani. Askari anaweza kuwaona, ila asiwe mahali pa kuwasikia. Akikataa kusogea, wakili asiendelee kuuliza habari za tukio. Azungumzie dhamana na tarehe, kisha aandike malalamiko kwa mkuu wa kituo au wa gereza.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Nimeshtakiwa kwa ubadhirifu wa fedha za ushirika niliokuwa mhasibu wake. Nikimweleza wakili kila kitu, hata mabaya, ni siri? Na vitabu vya hesabu nikimkabidhi yeye, polisi watavipata? (Ngamiani, barabara za juu)

Ukisema, "Nilichukua zile fedha, naomba unitetee," hiyo ni siri. Sheria haikusudii utetezi uwe wa watu wasio na kosa tu.

Ukisema, "Nisaidie kuandaa stakabadhi za nyuma ili hesabu zikae sawa," hiyo si siri hata kidogo. Mawasiliano yenye lengo la kutenda jambo lisilo halali hayana kinga, hata kama wakili hakujua lengo hilo. Uingereza walilimaliza hili mwaka 1884 katika shauri la Cox na Railton, watu waliomwendea wakili kuuliza namna ya kumkwepesha mdai aliyeshinda kesi, kisha wakatumia hati ya kuvunja ubia yenye tarehe ya uongo. Wakili yule alitoa ushahidi, na mahakama ikasema ni sawa.

Kuna na jambo la tatu ambalo wafanyabiashara hawalijui. Wakili akiona kwa macho yake, baada ya kuanza kukushughulikia, jambo linaloonyesha kosa au udanganyifu umefanyika tangu aanze kazi, hilo halina kinga. Sheria ya India ilitoa mfano unaokufanana: mtu ameshtakiwa kwa ubadhirifu, wakili anaona ndani ya kitabu cha hesabu mstari unaomdai mshtakiwa zile fedha, na mstari huo haukuwemo siku alipopokea kazi. Wakili huyo anaweza kuelezea. Haijalishi kama ni mteja aliyemwonyesha au aliuona mwenyewe.

Kuhusu vitabu: kitabu kilichokuwepo kabla ya kesi hakigeuki siri kwa kuhamishiwa kabati la wakili. Kilichokuwa kinaweza kuchukuliwa dukani kitachukuliwa ofisini kwake. Siri ni maelezo yako kuhusu kitabu. Kitabu chenyewe si siri. Mpe nakala, weka asili mahali pake, na usiongeze hata nukta.

Mume wangu alihukumiwa. Anasema wakili alimshauri vibaya asijitetee. Anataka jambo hilo liwe sababu ya rufaa. Wakili amekasirika, anasema akitajwa atajibu yote. (Msomaji, Pongwe)

Wakili hana ruhusa ya kujibu yote kwa hasira. Hata akilaumiwa, idhini ya wazi ya mteja bado inahitajika. Lakini tuseme ukweli: rufaa yenye lalamiko hili haiwezi kusikilizwa kwa haki bila upande wa pili wa mazungumzo kujulikana. Kwa Waingereza, anayemlaumu wakili wake kwenye rufaa huombwa kwanza aachie kinga ili wakili ajibu, na asipoachia, mahakama huenda isiipe lawama hiyo uzito. Mume wako ategemee shinikizo la namna hiyo hiyo.

Kabla hajaandika sababu ya rufaa, ajiulize: kwenye mazungumzo yale, alimwambia wakili jambo gani ambalo likisomwa kwa sauti litamzamisha? Kama wakili alimshauri anyamaze kwa sababu mteja alikuwa amekiri kwake, basi kumlaumu kwa ushauri huo ni kuiweka sababu hiyo mezani. Tazameni kwanza sababu zisizogusa siri: je, mwenendo unaonyesha alielezwa haki zake alipokutwa na kesi ya kujibu? Alielezwa kwamba mahakama inaweza kutafsiri ukimya wake dhidi yake? Hayo yako kwenye karatasi za mahakama, hayahitaji kufungua chochote.

Muda haumngoji. Kwa hukumu ya mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Nakala ziombwe kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama ni lalamiko la nidhamu, liende kwa Kamati ya Mawakili. Msilichanganye na rufaa kwenye karatasi moja.

Sisi ni wawili, tumekamatwa baharini upande wa Kigombe kwenye chombo kimoja. Tumeshtakiwa kwa kukutwa na baruti ya kuvulia. Wenye chombo wametuwekea wakili mmoja. Mwenzangu sasa anataka kukiri na kupatana na Jamhuri. Siri zangu zitaenda naye? (Mvuvi, wilaya ya Muheza)

Ndugu, barua yako imetukosesha usingizi kidogo, na tunaomba uisome hii sehemu kabla hujaonana tena na wakili huyo.

Mliyomweleza mkiwa pamoja ni siri yenu wote wawili dhidi ya watu wengine. Kati yenu wenyewe hakuna siri. Kuhusu mahakama, kanuni inayokubalika ni kwamba siri ya pamoja haiachiwi na mmoja: mwenzako hawezi kumruhusu wakili aeleze uliyosema wewe. Lakini mwenzako mwenyewe akipanda kizimbani upande wa Jamhuri, ni mdomo wake, na kinga inayomfunga wakili haimzibi yeye. Uliyomweleza wakili faraghani, wewe peke yako, yanabaki yako, na wakili haruhusiwi kuyatumia kumsaidia mwenzako.

Na hapo ndipo wakili mmoja hawezi tena kuwatumikia wawili. Akimshauri mwenzako akiri na kukutaja, amekuumiza wewe. Akimzuia, amemuumiza yeye. Anatakiwa ajitoe, na kwa kawaida ajitoe kwa wote wawili, kwa kuwa tayari amebeba siri za pande mbili. Jambo jingine: anayelipa wakili hanunui siri zako. Mwenye chombo hana haki ya kuambiwa uliyosema, hata awe amelipa ada yote. Mwambie wakili hivyo kwa maandishi, hasa ikiwa swali la nani aliyewapa baruti linamgusa mlipaji.

Kuhusu mapatano ya kukiri kosa, kuna mtego unaofanana na kuachia kinga ingawa sio. Ukimwambia wakili, "Mwambie mwendesha mashtaka kwamba nilikuwa nahodha," hiyo si siri tena, kwa kuwa uliisema ili ifikishwe. Vivyo hivyo kwenye usikilizwaji wa awali. Orodha ya mambo yasiyobishaniwa itasomwa kwa lugha unayoielewa, na mtaisaini wewe, wakili na mwendesha mashtaka. Kilichomo kinahesabiwa kimethibitishwa, na Jamhuri haitaleta shahidi kukithibitisha. Tumeona orodha zenye mistari mitatu isiyo na madhara: jina, kazi, tarehe ya kukamatwa. Mstari wa nne ndio wa kuuangalia, ule unaosema "alikutwa na" badala ya "chombo kilikutwa na". Neno hilo moja linaweza kubeba kesi nzima. Usisaini mpaka ubadilishwe.

Je, msaidizi wa kisheria wa kijijini naye ana kinga hii? Na Mahakama ya Mwanzo je? (Msomaji, Pangani)

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na kazi yao ni kubwa. Lakini kifungu cha kinga katika Sheria ya Ushahidi kinamtaja wakili. Kwa hiyo mwombe msaidizi akuelekeze njia, akuandikie barua, akutafutie wakili wa msaada, na usimsimulie tukio lenyewe. Akikuuliza "kwani ilikuwaje?", mwambie utamweleza wakili.

Mahakama ya Mwanzo haitumii Sheria ya Ushahidi. Ina kanuni zake. Hata hivyo, wakili uliyezungumza naye bado anafungwa na maadili ya kazi yake popote kesi ilipo, na mashauri ya jinai yanayoanzia Mwanzo yanaweza kufika mbali kwa rufaa. Chukua tahadhari zile zile tangu siku ya kwanza: chumba chenye mlango uliofungwa, ndugu wakae nje, na simu izimwe.